Kanzidata ikisimama, mtandao usisingiziwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno mawili ambayo wakazi wa Dar es Salaam tumeyazoea mbele ya dirisha la malipo, kaunta ya benki na mapokezi ya hospitali, yaani "mtandao hakuna". Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya kompyuta, na nimeifanya katika jiji hili kwa miaka mingi. Nimeshuhudia mara nyingi mno maneno hayo yakitamkwa wakati mtandao ulikuwa mzima kabisa na kilichosimama ni kanzidata, yaani hazina ya kompyuta ambamo programu huandika na kusoma taarifa zake. Kwa kuwa hitilafu ilipewa jina lisilo lake, fedha na jitihada za kuirekebisha nazo zikapelekwa kusikostahili.

Asubuhi moja ya Jumatatu, katika hospitali moja niliyokuwa nikiihudumia, mama aliyetoka Chanika na mtoto mwenye homa alifika dirishani kabla ya saa 2. Karani alimwambia kwa adabu, "Samahani mama yangu, mtandao hauko, naomba usubiri kidogo," na kusubiri huko kukafika saa 7 mchana. Muda wote huo kompyuta ya karani yule ilikuwa ikifungua tovuti za magazeti bila kusita, na ujumbe wa simu ulikuwa ukipita kwenye intaneti ileile ya ofisi. Ila programu ya mapokezi haikufunguka. Wale wachache waliokuwa wameifungua alfajiri, kabla ya hitilafu, waliendelea kufanya kazi kama kawaida hadi jioni, jambo ambalo peke yake lingetosha kumwonyesha mtu makini kwamba waya na minara havikuwa na kosa. Hata hivyo simu ya kwanza ilipigwa kwa kampuni ya intaneti, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokubali ipigwe. Mwezi uliofuata hospitali ilinunua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na baada ya wiki chache tatizo likarudi vilevile.

Ili msomaji aelewe kwa nini mtu mmoja anafanya kazi na jirani yake wa meza ya pili hawezi, ni lazima nieleze kwa kifupi jinsi programu zinavyofikishwa mezani siku hizi. Zamani programu ilisimikwa ndani ya kila kompyuta, na fundi alizunguka ofisi moja baada ya nyingine kila toleo jipya lilipotoka. Sasa taasisi nyingi zimehamia kwenye utaratibu ambao wataalamu huuita virtualaizesheni ya programu. Programu huendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine, zilizowekwa katika chumba kimoja. Kinachosafiri hadi kwa karani ni picha ya kioo tu, na kinachorudi kwenye seva ni herufi anazopiga na mibofyo ya kipanya chake. Bidhaa zinazojulikana zaidi katika kazi hii ni za kampuni za Citrix na Microsoft. Mimi ni mtetezi wa utaratibu huu, kwa sababu unaiwezesha kompyuta iliyotumika, iliyonunuliwa Kariakoo, kuendesha programu nzito, unaiwezesha ofisi ya Mbagala yenye laini nyembamba kufanya kazi sawa na makao makuu ya Posta, na taarifa za wagonjwa au wateja hazibaki ndani ya kompyuta inayoweza kuibwa dirishani.

Lakini faida hiyo ina sharti lake. Katikati ya mfumo huo kuna seva ambayo jina lake la kitaalamu maana yake ni dalali, na kazi yake kweli inafanana na ya dalali wa vyumba wa Sinza au Manzese. Karani anapobofya programu, dalali ndiye anayeangalia kama anaruhusiwa, seva ipi ina nafasi, ipi imejaa, na kama karani huyo aliacha kazi yake imefunguliwa mahali fulani ili arudishwe palepale. Dalali hakariri mambo hayo kichwani, bali huyaandika na kuyasoma kwenye daftari, na daftari hilo ndilo kanzidata. Daftari likifungiwa kabatini, wapangaji walioko vyumbani wataendelea kulala na kupika bila kujua lolote, lakini mpangaji mpya hataonyeshwa chumba hata kama nyumba nzima ni tupu. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu ile. Seva za programu zilikuwa nzima na nusu yake hazikuwa na mtu, huku foleni ikifika mlango wa nje.

Chanzo chenyewe tulikigundua tatizo liliporudi mara ya pili. Kanzidata yoyote ya kuaminika, kabla ya kubadilisha taarifa, huandika kwanza badiliko hilo kwenye faili la kumbukumbu za miamala, ili umeme ukikatika ijue ilipofikia. Katika SQL Server, programu ya Microsoft ya kuendesha kanzidata, kanzidata ikiwekwa katika hali ya kutunza kumbukumbu zote, hali ambayo ni ya lazima iwapo unataka iwe na pacha wake, yaani nakala hai inayokwenda nayo sambamba, kwenye seva nyingine, faili hilo halipunguzwi mpaka lichukuliwe nakala rudufu, yaani nakala ya kuhifadhiwa pembeni. Kwetu, kazi ya kuchukua nakala hiyo ilikuwa imekwama kwa wiki kadhaa, kwa sababu neno la siri la akaunti iliyoiendesha lilikwisha muda wake na hakuna aliyesoma taarifa za kukwama. Faili likavimba hadi diski ikajaa. Kanzidata ikawa inasomeka lakini haikubali kuandikwa, na dalali asiyeweza kuandika kwamba fulani ameingia chumba fulani hawezi kumwingiza mtu. Kampuni ya intaneti ilikuwa haina kosa lolote, nasi tulikuwa tumeilipa zaidi kwa ajili ya diski iliyojaa.

Waliobuni mifumo hii wanaufahamu udhaifu huo, na historia yake inafaa kujulikana na kila anayetia sahihi mkataba wa kununua. Katika mifumo ya zamani ya Citrix kila seva ilitunza nakala yake ndogo ya taarifa, hivyo kanzidata kuu ilipopotea kwa muda watu waliendelea kuingia. Kizazi cha 7 cha bidhaa hiyo kilipojengwa juu ya msingi mpya, nakala ile iliachwa, na kila ombi jipya likawa linategemea kanzidata moja. Toleo la 7.6 la mwaka 2014 lilileta utaratibu wa kukumbuka miunganisho ya wiki 2 zilizopita, ambao ulimsaidia mtumiaji wa kila siku na kumwacha nje aliyetoka likizo. Nakala ya akiba ndani ya kila seva ya udalali ilirudi katika toleo la 7.12 la Desemba 2016. Kwa upande wa Microsoft, huduma yake ya udalali inaweza kuendeshwa na seva zaidi ya moja, ila kuanzia Windows Server 2012 seva hizo hushirikiana kwa kusoma kanzidata moja ya SQL. Nimekuta taasisi zikijivunia seva 2 za udalali zenye kanzidata 1 isiyo na pacha. Hao ni madalali wawili wanaoshika daftari moja, na likipotea wote wawili hawana kazi.

Nakala ya akiba nayo ina masharti ambayo muuzaji huyapitia harakaharaka. Kanzidata kuu inapokosekana, katika eneo moja huchaguliwa seva 1 tu ya udalali ibebe kazi yote, na inachaguliwa kwa kufuata mpangilio wa alfabeti wa majina ya seva, si kwa nguvu zake. Akiba hiyo hutumia toleo dogo la SQL Server lenye kikomo cha prosesa 1 (ubongo wa kompyuta) au viini 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), kutegemea kipi ni kidogo. Fundi aliyeipa seva pepe, yaani seva iliyoundwa kwa programu ndani ya seva nyingine, prosesa 4 zenye kiini 1 kila moja anaona ameitendea haki, kumbe wakati wa dharura itatumia kiini 1 tu. Aidha, kwa muda wote huo msimamizi hawezi kubadilisha mipangilio, na mfumo hauwezi kuziwasha mashine zilizozimwa usiku ili kubana matumizi. Asiyeyajua haya ataona watu wanaingia kwa kuburuza na, kwa mara nyingine, ataulaumu mtandao.

Hadi hapa nimezungumzia daftari la dalali. Ipo kanzidata ya pili, yenye taarifa za kazi yenyewe, yaani wagonjwa, mikopo, ankara na bidhaa za ghala, na hii ikisimama dalili huwa nyingine kabisa. Karani anaingia vizuri, programu inafunguka, kisha anabofya "tafuta" na kioo kinaganda. Programu nyingi zilizoandikwa kwa zana za Microsoft husubiri sekunde 15 kupata muunganisho wa kanzidata na sekunde 30 kupata jibu la swali, kwa kuwa hivyo ndivyo vipimo vilivyowekwa kiwandani na mwandishi wa programu hakuvigusa. Karani hana subira ya sekunde 30 wakati watu 40 wanamtazama, na simlaumu. Anafunga dirisha kwa nguvu na kufungua jingine. Lile la kwanza halifi mara moja kule kwenye seva, linabaki likishika memori na kungoja jibu ambalo halitakuja. Zidisha hilo kwa makarani wote wa matawi yote, na ndani ya robo saa seva zilizokuwa nzima zinaanza kukosa memori, na hata programu zisizohusika na kanzidata iliyosimama, kama ile ya barua au ya mishahara, zinaanza kuburuza kwa sababu zinakaa kwenye seva zilezile. Hapa ndipo utaratibu wa kukusanya programu pamoja unapotoa gharama yake, kwani hitilafu ya idara moja husambaa hadi idara ambayo haikuwa na tatizo.

Hata kanzidata inaporudi, mambo hayanyooki papo hapo, na ningependa wakuu wa taasisi walielewe hili kabla ya kutangaza kwamba huduma zimerejea. Kwanza kanzidata hupitia faili lake la miamala, ikikamilisha iliyothibitishwa na kufuta iliyoishia njiani, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika chache au zaidi ya saa kutegemea ukubwa wa kilichokuwa kikiendelea. Pili, taarifa zilizokuwa zikisomwa mara kwa mara zilikuwa zimetunzwa ndani ya memori, na baada ya kuzimika memori ni tupu, kwa hiyo kila swali linakwenda kusoma diskini. Tatu, watu wote waliokuwa wakingoja wanaingia kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo hata Jumatatu ya kawaida saa 2 asubuhi huielemea kanzidata iliyo nzima. Msimamizi mwenye busara huwaruhusu watu kwa mafungu, dirisha la wagonjwa wa dharura likitangulia, kuliko kufungua milango yote na kuona kila kitu kikizimika tena.

Mazingira ya jiji letu nayo yana sehemu yake. Umeme unaokatika na kurudi ghafla ni adui wa diski, na joto la Dar es Salaam hufupisha maisha ya betri, zikiwamo zile ndogo zilizomo ndani ya vidhibiti vya diski za seva ambazo hulinda taarifa zilizo njiani kuandikwa. Betri hiyo ikifa, kidhibiti hujilinda kwa kuacha kuziweka taarifa kwenye akiba yake na kuziandika moja kwa moja diskini, na kanzidata inapungua kasi pasipo ujumbe wowote kumfikia mtumiaji. Nimeona ofisi ikiishi hivyo kwa miezi, kila mtu akiamini kwamba laini ya intaneti imechoka, wakati chumba cha seva kilikuwa na kiyoyozi kimoja kilichozimwa kila Ijumaa jioni.

Sisemi kwamba mtandao haukosei. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku ile aliyesema "mtandao hakuna" alisema kweli. Lakini hata siku ile, mfumo ambao seva zake ziko Dar es Salaam na watumiaji wake wako Dar es Salaam, wakiunganishwa kwa nyaya za ndani ya nchi, haukuwa na sababu ya kupita Durban ili karani wa Temeke amwandikie mgonjwa risiti. Ninachosikitikia ni kwamba baada ya tukio hilo mkongo wa baharini umekuwa kisingizio tayari, na kila kanzidata inayosimama kwa uzembe hupakwa maji ya bahari.

Wala kusimama kwa kanzidata si aibu ya nchi maskini. Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza programu za waandishi wa programu duniani, ilipatwa na mkasa pale mtumishi wake, kwa uchovu wa usiku, alipofuta taarifa za kanzidata kuu badala ya zile za seva ya pacha. Walipotafuta nakala rudufu wakakuta kwamba katika njia 5 walizokuwa wamezipanga hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo, na walipoteza taarifa za takriban saa 6. Tofauti ninayoiona ni kwamba waliwaeleza wateja wao kilichotokea kwa jina lake, hatua kwa hatua, wakati marekebisho yakiendelea. Sijawahi kusoma tangazo la namna hiyo mlangoni mwa ofisi yoyote hapa jijini.

Katika hospitali niliyoitaja tulikubaliana hatimaye kufanya jaribio. Jumapili moja saa 4 asubuhi, tukiwa tumewaarifu wauguzi wa zamu na tumeweka fomu za karatasi mezani, tuliisimamisha kanzidata ya udalali kwa makusudi. Waliokuwa ndani waliendelea. Waliojaribu kuingia walikataliwa kwa dakika kadhaa, wakati seva za programu zikijiandikisha upya kwa dalali aliyechaguliwa, kisha wakaanza kuingia mmoja mmoja. Tuligundua kwamba seva iliyochaguliwa kwa alfabeti ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko mwenzake, na kwamba prosesa zake zilipangwa kwa namna ile mbaya niliyoieleza hapo juu. Kuirekebisha hakukugharimu hata shilingi. Tuligundua pia kwamba karani wa zamu ya usiku hakuwahi kuonyeshwa fomu za karatasi zinakaa wapi, na nadhani huo ndio ugunduzi uliowasaidia wagonjwa kuliko wote, kwa sababu mgonjwa hawezi kuambiwa angoje kanzidata irekebishwe.

Ninawaomba wakuu wa taasisi zinazowahudumia wananchi, za umma na za binafsi, waandike katika zabuni zao si idadi ya seva na ukubwa wa kifurushi cha intaneti peke yake, bali pia kanzidata itakuwa na pacha wangapi, pacha huyo atachukua kazi kwa dakika ngapi, nani atasoma taarifa za nakala rudufu kila asubuhi, na ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilirudishwa ikafanya kazi. Wamwajiri msimamizi wa kanzidata kama wanavyomwajiri mhasibu. Nimeona kazi hiyo ikibandikwa kwa kijana anayebadilisha wino wa printa, kisha siku ya hitilafu akaulizwa maswali ambayo hakufundishwa kuyajibu.

Na kwa waandishi wako, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Msemaji wa ofisi atakapowaambia kwamba huduma zilisimama kwa sababu ya mtandao, wamuulize kama siku hiyo kompyuta za ofisi hiyo zilikuwa zinafungua tovuti nyingine, na kama waliokuwa wameshaingia kwenye programu walitolewa au waliendelea na kazi. Kama tovuti zilifunguka na waliokuwa ndani waliendelea, wamwombe awakutanishe na anayesimamia kanzidata.

Msomaji wako,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta,
Tabata, Dar es Salaam